Sura ya Saba: Mstari Mtupu

Chukua faili la Perl lenye kazi mbili. Ya kwanza inakokotoa ushuru, ya pili inapiga jumla ya ankara. Katikati yake mwandishi ameweka maelezo mafupi ya namna ya kuitumia ile ya kwanza, akayafungua kwa alama =head2 kama desturi ya lugha hiyo inavyotaka, kisha akasahau kuyafunga kwa =cut. Ukilifungua faili hilo kwenye kihariri chochote utaiona kazi ya pili palepale ilipoandikwa, herufi kwa herufi. Perl haiioni. Kwa Perl, kila kilichopo kuanzia =head2 mpaka mwisho wa faili ni maneno ya binadamu, hayaihusu. Wala hailalamiki. Programu inaanza vizuri, inafanya kazi asubuhi nzima, na inaanguka pale tu mteja anapoomba ankara ya kwanza, ikidai kwamba kazi hiyo haipo.

Msimbo wote ni sahihi. Kilichokosewa ni mpangilio wa maelezo, na dawa yake ni mistari miwili: mmoja mtupu, na mwingine wenye herufi tatu na alama ya sawasawa.

Mafundi wengi wa programu huihesabu kazi ya kurekebisha mpangilio wa miongozo kuwa kazi ya kufagia. Hupewa mgeni aliyejiunga juzi, au huachwa mpaka mwisho wa mwaka. Nadhani wanakosea, na mfano mzuri wa kuonyesha kosa lao ni huohuo wa Perl, kwa sababu lugha hii iliweka msimbo na maelezo katika nyumba moja mapema sana, na imeishi na matokeo ya ndoa hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Larry Wall aliitoa Perl kwa mara ya kwanza tarehe 18 Desemba 1987. Kabla ya kuwa mtunzi wa lugha za kompyuta alikuwa amesomea isimu, na athari ya masomo hayo inaonekana katika kila alichokigusa. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na mwongozo mmoja mrefu, ulioandikwa kwa lugha ya mpangilio ya Unix iitwayo troff, ambayo nusu yake ni nukta na mikwaju ya kurudi nyuma. Toleo la 5 lilipotoka tarehe 17 Oktoba 1994, mwongozo ule ulikuwa umekatwakatwa kuwa kurasa nyingi, kila ukurasa na mada yake: perlfunc kwa kazi za lugha, perlop kwa vitendaji, perlre kwa ruwaza. Zote ziliandikwa kwa mtindo mpya ulioitwa POD.

POD ni mtindo wa mtu asiyetaka kusumbuliwa. Una aina tatu tu za aya. Aya inayoanza na alama ya sawasawa ni amri: kichwa cha habari, kipengele cha orodha, mwisho wa maelezo. Aya inayoanza na nafasi ni msimbo wa mfano, na haiguswi, inatoka kama ilivyoingia. Aya nyingine yoyote ni maneno ya kawaida, yatakayopangwa upya kulingana na upana wa ukurasa. Ndani ya maneno hayo unaweza kutia mkazo kwa herufi kubwa moja na mabano ya pembe: B kwa herufi nene, I kwa mlazo, C kwa msimbo, L kwa kiungo. Mtu anajifunza yote hayo kabla chai haijapoa.

Wepesi huo una bei. Mtindo wenye alama chache huzifanya alama zisizoonekana zibebe mzigo mkubwa, na isiyoonekana kuliko zote ni mstari mtupu. Katika POD, mstari mtupu ndio unaosema aya imekwisha. Andika hivi:

=head2 Kukokotoa ushuru
Kazi hii inapokea bei na kurudisha ushuru wake.

na utakuwa umesema kwamba sentensi nzima ni sehemu ya kichwa cha habari. Ukurasa utatoka na kichwa kirefu kwa herufi nene, chini yake hakuna kitu, na kwenye yaliyomo sentensi ile itaning'inia pamoja na vichwa vingine kana kwamba ni jina la sura. Kwenye faili hakuna la kukushtua. Jicho la binadamu linaona kichwa, linaona sentensi chini yake, linaendelea na safari.

Kuna ubaya zaidi. Faili la aina hii lina wasomaji wawili wasiofanana tabia. Wa kwanza ni Perl yenyewe, ambayo ikikutana na amri ya POD mwanzoni mwa mstari, mahali ambapo sentensi mpya ya msimbo ingeweza kuanza, huruka mpaka =cut. Haijali kama kuna mstari mtupu juu yake. Wa pili ni programu zinazogeuza POD kuwa ukurasa, na zile za zamani hudai mistari mitupu kila upande, vinginevyo huichukulia amri kuwa maneno tu. Kwa hiyo faili moja linaweza kuwa halali kwa msomaji mmoja na fujo kwa mwingine, na aliyeliandika hana njia ya kujua kwa kuiendesha programu yake, kwani programu inakwenda. Hata mstari unaoonekana mtupu unaweza kuwa si mtupu. Vihariri vingi huacha nafasi mbili tatu pale mwandishi alipobonyeza kitufe cha kuingiza mstari ndani ya msimbo uliosogezwa kulia. Wageuzaji wa zamani waliuona mstari wa namna hiyo kuwa una kitu, wakaunganisha aya mbili kuwa moja. Mtu anaweza kulitazama kosa hilo kwenye skrini mchana kutwa asilione, mpaka awashe kihariri chake kionyeshe nafasi kwa nukta.

Ajabu ni kwamba katika mtindo wa Markdown, aliouanzisha John Gruber mwaka 2004, nafasi mbili mwishoni mwa mstari zina maana: zinaamuru mstari ukatwe hapo. Fundi aliyezoea kufuta nafasi za mwishoni kwa sababu zinachafua, akaviamuru vihariri vyake vifanye hivyo kila anapohifadhi, atafuta mikato ya mistari katika mafaili ya Markdown ya mradi mzima bila kujua. Anwani iliyokuwa na mistari minne inatoka kama sentensi moja ndefu. Usafi wa mtindo mmoja ni uharibifu katika mwingine, ndiyo maana simwamini mtu anayetaka kusahihisha mafaili 200 kwa amri moja kabla hajasoma hata matatu.

Turudi kwenye Perl, kwenye mabano ya pembe. Lugha hii inatumia mshale kuita kazi ya kitu: kistari kikifuatwa na alama ya kubwa-kuliko. Mwandishi anayeeleza jambo hilo ataandika, bila kufikiri mara mbili:

C<$gari->endesha>

Alama ya kubwa-kuliko iliyo kwenye mshale ndiyo inayolifunga bano. Msomaji atapata $gari- kwa herufi za msimbo, kisha neno endesha kwa herufi za kawaida, kisha bano la pembe lisilo na mwenzake. Mtu anayeijua Perl atacheka na kuelewa. Mtu anayejifunza, ambaye ndiye mwongozo uliandikiwa, atadhani kuna aina ya kigeugeu kinachoishia na kistari. Njia ya kwanza ya kujinasua ilikuwa kuandika E<gt> badala ya alama yenyewe, na matokeo yake yalikuwa faili ambalo hakuna binadamu awezaye kulisoma likiwa chanzo. Toleo la 5.6, la mwaka 2000, lilileta njia bora: unazidisha mabano na kuacha nafasi ndani yake.

C<< $gari->endesha >>

Nafasi zile mbili ni za lazima. Ukiziacha, kosa limerudi kwa sura nyingine.

Kuhusu viungo, kuna kisa ninachokipenda kwa sababu kinaonyesha jinsi msahihishaji anavyoweza kuharibu akiwa na nia njema. Wageuzaji wa zamani walipokutana na L<perlop> hawakuandika jina tupu. Waliongeza maneno ya Kiingereza kabla na baada yake, yenye maana ya "ukurasa wa mwongozo wa perlop". Waandishi wasiojua hilo waliandika sentensi kamili kuzunguka kiungo, na ukurasa ukatoka unasema "tazama ukurasa wa mwongozo wa ukurasa wa mwongozo wa perlop". Wengine walioiona kasoro hiyo wakafuta maneno yao kwenye chanzo. Wageuzaji wapya walipokuja na kuacha tabia ya kuongeza, sentensi zilizofutwa maneno zikabaki vilema. Ushauri uliomo kwenye mwongozo wa POD wenyewe ni mwandishi ataje mwenyewe maandishi ya kiungo, akiyatenga kwa mstari wa wima, ili asimwachie mgeuzaji yeyote nafasi ya kujiongezea.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, msomaji anasumbuka kidogo, lakini bado haya ni mambo ya sura. Basi tazama ukurasa wa perlfunc. Perl huja na programu iitwayo perldoc, na ukiandika perldoc -f open inakuletea maelezo ya kazi ya open peke yake, bila kukulazimisha upitie ukurasa mrefu wenye kazi zote za lugha. Inafanyaje? Inalifungua faili chanzo la perlfunc, inakitafuta kichwa kimoja maalumu kinachotangaza orodha ya kazi kwa mfuatano wa alfabeti, kisha inashuka ikiangalia mistari ya =item mpaka iikute open. Ukikibadilisha kichwa hicho kwa sababu hukupenda herufi zake kubwa, amri ile inaacha kufanya kazi kwa kila mtumiaji wa Perl duniani atakayepokea toleo hilo. Waliotafsiri miongozo hii kwa Kiitaliano na Kifaransa walilazimika kuiambia perldoc kichwa hicho kimekuwaje katika lugha zao, la sivyo isingeona chochote.

Perldiag ni zaidi ya hapo. Ukurasa huu umekusanya ujumbe wa makosa ambao Perl inaweza kuutoa, kila mmoja na maelezo yake. Ukiweka mstari use diagnostics kwenye programu yako, kila kosa likitokea unapewa ujumbe pamoja na maelezo marefu kwa lugha ya kawaida. Maelezo hayo hayakuandikwa mara ya pili mahali pengine. Moduli ya diagnostics inalisoma faili la perldiag.pod lenyewe, inakata vipengele vyake, na kulinganisha maneno ya kila =item na kosa lililotokea. Mwongozo hapo umekuwa sehemu ya programu. Aliyegusa =item katika faili hilo amegusa mashine inayofanya kazi, na anapaswa kuendesha majaribio yote kama aliyebadilisha msimbo wa C.

Kosa linalonisumbua kuliko yote haya, hata hivyo, ni la kistari, kwa sababu halikuwa la mtu mmoja na bado halijaisha.

Ukurasa wa POD unaposomwa kwenye terminali hupita mikono mingi. Pod::Man, moduli inayotunzwa na Russ Allbery, inaugeuza kuwa troff. Programu ya groff inaugeuza kuwa maandishi yaliyopangwa. Kisha kioneshi kinakupa ukurasa mmoja mmoja. Katika troff, kistari kilichoandikwa peke yake ni kistari cha kuunganisha maneno, na ili upate alama ya kutoa, ile inayotumika kwenye amri za kompyuta, inabidi utangulize mkwaju wa kurudi nyuma. Zamani, terminali zilipojua herufi za ASCII tu, tofauti hiyo haikuonekana popote, zote mbili zilitoka kama alama moja. Zilipokuja terminali za Unikodi, groff ikaanza kufanya kile ambacho kitabu chake kilikuwa kikisema siku zote: kistari cha kawaida kikatoka kama herufi U+2010, na cha mkwaju kikatoka kama U+002D. Kwa macho vinafanana. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizo na undugu.

Sasa mtu anasoma mwongozo, anaona perl -e, anainakili kwa kipanya na kuibandika kwenye terminali. Perl inamjibu kwamba haikupata programu yenye jina hilo. Anatazama alichobandika, anatazama mwongozo, vinafanana kabisa. Anaandika upya kwa mkono na inafanya kazi. Wengi huishia hapo wakidhani vidole vyao viliteleza. Mwingine anaugonga mwamba huohuo akitafuta neno: anaandika -e kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya ukurasa, na kioneshi kinasema halipo, huku lipo mbele yake.

Nani alaumiwe? Mwandishi wa POD aliandika kistari kimoja cha kibodi, hana kingine. Mgeuzaji ndiye anayetakiwa kuamua kistari kipi ni cha neno na kipi ni cha amri, na Pod::Man imebeba kwa miaka mingi kanuni za kukisia jambo hilo. Groff inasema inafuata sheria. Mfumo wa Debian, kwa upande wake, uliongeza zamani mistari michache katika usanidi wa groff ili vistari vyote vitoke kama vya kibodi, na watumiaji wake wakasahau kwamba tatizo lipo. Toleo la 1.23 la groff lilipotoka Julai 2023, mabishano yakafumuka upya, na Debian ikaamua kubaki na njia yake ya zamani. Mimi niko upande wa Debian. Sheria ya kipangaji kilichotungwa kwa ajili ya mashine za kuchapa haiwezi kumshinda mtu anayetaka kunakili amri na kuiendesha. Lakini mwandishi wa mwongozo hawezi kungoja watu hawa wapatane. Dawa iliyo mikononi mwake ni kuifunga kila amri ndani ya C<>, ili mgeuzaji asiwe na cha kukisia.

Usidhani Python ilisalimika. Miongozo yake iliandikwa kwa LaTeX mpaka mwaka 2007, Georg Brandl alipoihamishia kwenye reStructuredText, mtindo wa David Goodger. Chombo alichokiunda kwa kazi hiyo, Sphinx, kilitolewa kwa umma Machi 2008, na Python 2.6 ya Oktoba mwaka huo ikaja na miongozo iliyotengenezwa nacho. Sphinx ina uungwana wa kuyapamba maandishi: nukuu zilizonyooka huzipinda, na vistari viwili vikifuatana huvigeuza kuwa kistari kimoja kirefu. Kwa riwaya ni jambo zuri. Kwa mwongozo unaotaja --help katikati ya sentensi bila alama za msimbo, ni kumpa msomaji amri isiyokuwepo. Ni ugonjwa uleule wa groff ulioingia kwa mlango mwingine.

Kosa la Python ambalo wageni hulifanya kila wiki ni la kinukuu kilichoinama. Katika Markdown, neno likizungukwa na kinukuu kimoja kilichoinama kila upande linakuwa msimbo. Katika reStructuredText vinatakiwa viwili. Kimoja huleta mlazo au kitu kingine kulingana na usanidi wa mradi. Mtu aliyelelewa na Markdown anaandika kimoja, ukurasa unatoka na neno limelala badala ya kuwa msimbo, hakuna onyo. Vilevile nukta pacha mbili zikifuatana ndizo zinazosema kwamba kinachofuata ni msimbo wa mfano. Ukiandika nukta pacha moja, mfano wako wote unageuka nukuu ya maneno, mistari inaungana, na katika Python mistari ikiungana na nafasi za mwanzo zikipotea basi programu yenyewe imepotea.

Hilo la mwisho lina ndugu yake kwenye POD, nalo linanifikisha kwenye vyombo vya ukaguzi. Perl ina podchecker, ambayo inalipitia faili na kutaja orodha isiyofungwa, amri isiyojulikana, kiungo kilichoharibika. Chanzo cha Perl kina pia jaribio linalopitia kila faili la POD, na pembeni yake kuna daftari la kasoro zinazojulikana ambazo hakuna aliyepata muda wa kuzitengeneza. Kasoro mpya ikizidi zile za daftari, jaribio linagoma. Linaangalia hata mistari ya msimbo wa mfano iliyo mirefu kuliko terminali ya safu 80, kwa kuwa mistari hiyo haipangwi upya, itakatika vibaya tu. Hili la kuandika deni lililopo na kukataa jipya ni moja ya mambo ya busara zaidi niliyoyaona katika mradi wa programu huria. Mradi unaodai usafi kamili siku ya kwanza haufiki popote.

Lakini chombo kinakagua sarufi, hakijui ulikusudia nini. Mwandishi akibandika mistari kumi ya msimbo wa mfano akasahau kuisogeza kulia kwa nafasi moja, hiyo ni POD halali kabisa. Ni aya ya maneno ya kawaida. Podchecker itasema faili ni zima, na msomaji atapata bonge moja la maneno na alama zilizochanganyika. Kosa la namna hiyo hulioni mpaka uugeuze ukurasa na kuusoma kwa macho, tena kwa njia zaidi ya moja: kwenye terminali, kwenye kivinjari, na kama maandishi matupu. Kuna kurasa zinazopendeza kwenye kivinjari na kuchekesha kwenye terminali.

Tuseme umeliona kosa na unalijua. Swali linalofuata ni faili gani la kurekebisha, na hapo wengi hupoteza juhudi zao. Kurasa kadhaa za Perl hazikuandikwa na mtu. Perlapi, inayoeleza kazi za C za ndani ya Perl, huchotwa kutoka kwenye maelezo yaliyotawanyika katika mafaili ya C. Perltoc, yaliyomo ya miongozo yote, hutengenezwa na programu. Perluniprops, yenye sifa za herufi za Unikodi, vivyo hivyo. Ukisahihisha matokeo, sahihisho lako litaishi mpaka mtu atakapoendesha programu ile tena, kisha litafutika bila taarifa. Halafu kuna moduli zinazokaa katika saraka ya cpan ndani ya chanzo cha Perl. Hizo ni nakala. Asili yake iko kwa watunzaji wa moduli, na nakala mpya ikija inaifunika ya zamani pamoja na kazi yako. Kabla ya kugusa chochote, soma mistari ya juu ya faili. Mara nyingi imeandikwa wazi kwamba faili hili lisihaririwe kwa mkono.

Na likigusika, liguse kwa adabu. Usichanganye sahihisho la mpangilio na badiliko la maana katika kiraka kimoja. Mtu anayekagua mistari 300 iliyosogezwa kulia hataliona neno moja ulilolibadilisha katikati, na akiliona atajiuliza kama ulitaka asilione. Kuna pia historia ya faili. Git hukumbuka nani aligusa kila mstari mara ya mwisho na kwa nini. Ukisogeza aya zote, jina lako linafunika majina ya waliofikiri. Toleo la Git la 2.23, la Agosti 2019, liliongeza njia ya kuiambia iyaruke mabadiliko ya namna hiyo inapotafuta mwenye mstari, jambo linaloonyesha jinsi kero hii ilivyokuwa kubwa. Bado, kutosababisha ni bora kuliko kuruka.

Watafsiri nao wana haki yao hapa. Miongozo ya Python ina utaratibu rasmi wa tafsiri tangu mwaka 2017, na hutafsiriwa aya kwa aya. Kila aya ya Kiingereza ndiyo ufunguo wa tafsiri yake. Ukitia kinukuu kimoja kwenye aya ambayo tayari imetafsiriwa kwa Kijapani, Kifaransa na Kikorea, ufunguo umebadilika. Tafsiri zote tatu zinawekewa alama ya mashaka, na msomaji wa Tokyo anarudishiwa aya ya Kiingereza mpaka mtu atakapoipitia tena. Sahihisho lililokuchukua nusu dakika limegharimu watu watatu usiku mmoja. Kama kosa linampotosha msomaji, lisahihishwe bila kusita. Kama ni suala la wewe kupendelea kistari kirefu kuliko kifupi, liache.

Msahihishaji mzuri wa mafaili haya, kwa hiyo, si lazima awe mtunzi wa programu kubwa. Awe tu mtu anayeweza kulitazama faili kama mgeuzaji anavyolitazama, mstari kwa mstari, bila kusaidiwa na anachojua kuhusu maana. Vijana wanaoanza kazi hii Dar es Salaam au Eldoret mara nyingi huuliza waingie vipi katika miradi mikubwa ya programu huria, na huelekezwa watafute kosa kwenye msimbo ambao bado hawauelewi. Mimi ningewaelekeza kwanza kwenye miongozo wanayoisoma kila siku. Ukikuta ukurasa umemaliziwa na sehemu iitwayo POD ERRORS, ujue mgeuzaji mwenyewe amekuandikia pale chini namba ya kila mstari uliokosewa na kosa lake. Fungua chanzo, nenda kwenye mstari huo, weka kinachokosekana, endesha podchecker, ugeuze ukurasa uusome, kisha tuma kiraka chenye mabadiliko hayo tu na sentensi mbili za kueleza kilichokuwa kinatokea kwa msomaji.

Chanzo cha Perl kina faili liitwalo AUTHORS lenye majina ya watu waliochangia lugha hiyo. Kuna jaribio linalohakikisha kwamba kila aliyetuma badiliko ameandikwa humo, na kwa jaribio hilo aliyeongeza mstari mtupu juu ya =cut anahesabika sawa na aliyeandika injini ya ruwaza.